Samli Juu ya Meza ya Baba

Ngokolo, Shinyanga
6 Machi 1983

Mdogo wangu Silvesta,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana shikamoo yako imekwama njiani tangu Krismasi na mimi sina nguvu ya kuendelea kuingoja. Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mvua zinasuasua, mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama tu kama yanatafakari. Salvina wangu amejifungua mtoto wa kike huko Kahama, mama na mtoto wote salama, kwa hiyo wewe sasa ni babu, utake usitake. Mimi jioni miguu inavimba kwa kukanyaga cherehani. Wazazi wanataka sare za shule, kitambaa chenyewe cha kubahatisha, na kila mmoja anataka zake ziwe za kwanza.

Mama yupo. Siku nyingine anaamka vizuri, anauliza kama pamba imeanza kununuliwa. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa tukiwa wadogo. Juzi alikuulizia. Nikamwambia, Silvesta yuko machimboni, upande wa Katoro. Akasema sawa. Sijamaliza kuosha sufuria akauliza tena. Lakini alikutaja kwa jina, Silvesta. Bado anakujua. Sijui atakujua mpaka lini, na ndiyo maana nimekaa kuandika leo wakati nimechoka hivi.

Sasa jambo lenyewe. Nimeiharibu meza ya baba.

Unajua kila mwaka lazima ipakwe mafuta, na tangu baba afariki nimekuwa nikiipangusia matone ya yale yaliyobaki kwenye kopo lake. Yakaisha. Nilizunguka maduka yote hapa mjini, hata mafuta ya kupikia hakuna, seuze ya mbao. Basi ndugu yetu Mageni akaja kutoka kijijini na kibuyu cha samli. Nikakumbuka vibuyu vya bibi na vile vigoda vyake, vilivyokuwa vinapakwa samli mpaka vinang'aa. Nikasema, mti ni mti. Nikaipaka meza samli, nikaisugua mpaka mkono ukaniuma.

Wiki ya kwanza kila aliyeingia aliisifu. Lilipokuja joto ikaanza kunata. Vumbi lote la Ngokolo limehamia pale juu. Sisimizi wamefanya njia, na panya wameguguna ukingo, upande ule ule anaokaa mama. Na harufu, mdogo wangu, siwezi kukueleza.

Mama hali tena pale. Anainusa, anasema, "Hii si meza ya mume wangu Kamili. Nipelekeni kwangu." Kisha anafunga khanga zake kwenye kifurushi na kukaa mlangoni akingoja apelekwe. Mlo hautaki, kwa sababu eti hawezi kula kwenye nyumba ya watu. Nikimweka kwenye mkeka anakula matonge mawili kwa kunihurumia.

Baba alifanyaje? Wewe ndiye uliyekuwa naye karakanani, sisi wasichana tulitumwa jikoni. Niandikie. Na kama unaweza kuja mwenyewe badala ya kuandika, njoo.

Dada yako,
Generoza


Machimboni, Katoro
2 Mei 1983

Dada Generoza,

Shikamoo, hii ya leo na zote zilizokwama. Barua yako ilikaa kwenye duka la mzee Rajabali muda mrefu, kwa sababu barabara ilikatika na malori yalilala kwenye tope. Nampa Salvina hongera. Mwambie babu yake mtoto bado hana mvi nyingi. Hapa tunaishi, unga ni wa kubahatisha na maji ni ya kugombea, lakini tunaishi. Toa hofu ya mimi kufukiwa, sishuki tena shimoni. Wenzangu wamenipa kazi ya juu, kwenye moto. Nachoma zebaki mpaka inaruka na dhahabu inabaki kwenye karai. Ni kazi ya kukaa.

Kuhusu meza, usijilaumu sana. Kibuyu kinashikwa kila siku, kinafukizwa moshi, kinaoshwa kwa maji ya moto, kwa hiyo samli haipati nafasi ya kuoza. Kigoda kinafutwa na makalio ya mwenyewe. Meza hukaa tu. Samli haikauki, dada, hata ukiipa mwaka mzima. Baba alitumia mafuta ya kitani, yale mafundi wanayaita linsidi. Yale yanaingia ndani ya mbao na kukauka humo humo, yanakuwa sehemu ya mti. Ndiyo tofauti yenyewe.

Fanya hivi. Kwanza paruza uchafu wa juu kwa ubao mwembamba, usitumie kisu. Kisha tafuta vumbi la msumeno kwa fundi yeyote, lililo kavu, uimwagie meza yote na uliache lilale. Litanyonya samli. Lifagie, mwaga jingine, mpaka likitoka liwe kavu kama lilivyoingia. Halafu chukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kiwe na unyevu tu, kisidondoshe, upanguse kwa kufuata nyuzi za mbao. Usiioshe kwa maji mengi. Usitumie maji ya majivu hata kama sabuni hakuna, mninga utakuwa mweusi. Mwisho piga msasa laini, nao ufuate nyuzi. Ukikata nyuzi, alama itabaki mpaka wajukuu. Pale walipoguguna panya, zungusha ukingo kwa msasa, usijaribu kuziba.

Na usimruhusu mtu akushauri vanishi. Vanishi ni ngozi ya juu, ikichubuka mara moja lazima uichubue yote. Meza ya mafuta ukiikwaruza unaipaka pale pale na yaishe.

Kuhusu kuja, mambo ya huku hayajakaa sawa. Tutaona.

Msalimie mama. Mwambie nipo.

Silvesta


Ngokolo
29 Mei 1983

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zako nimezifikisha kwa mama mara nyingi kuliko ulivyozituma. Mtoto wa Salvina amebatizwa, ameitwa Bernadina, jina la mama. Mama alipoambiwa alifurahi, akauliza huyo Bernadina ni nani. Nikacheka, kisha nikaenda uani, nikakaa nyuma ya choo mpaka nikapoa.

Mwandiko wako umeharibika, Silvesta. Ulikuwa unaandika vizuri kunishinda. Hii barua unaandikia mgongoni mwa punda, au ndiyo raha za watu wa dhahabu, mpaka kalamu inawalewea? Nimeisoma kwa shida, nikampelekea hata mwalimu wa hapa jirani mstari mmoja uliokuwa umepanda juu ya mwingine.

Nimefanya yote uliyosema. Vumbi la msumeno liliingia kavu na kutoka kama unga wa mandazi. Mafuta ya taa yaliniumiza kichwa. Msasa umenila kucha. Lakini harufu imetoka, na sisimizi wameihama njia yao. Nimeiona mbao yenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwangu, rangi yake ni kama ya udongo uliolowa. Mama alipoikuta hivyo alisimama akatazama, akasema, "Mmemvua nguo." Akafungua kitenge chake kiunoni, akaifunika. Nikaiacha ifunikwe. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu anayeihurumia meza.

Chakula bado hali vizuri. Amepungua, mkono wake nikiushika ni mfupa. Bado kifurushi kipo mlangoni.

Kuhusu mafuta, nilikwenda kwa Pranlal nikiwa nimeshakata tamaa. Rafu zake ni za kuhesabu hewa. Nikamweleza, naye akamkumbuka baba, ndiye aliyewatengenezea kaunta ile ile aliyokuwa ameiegemea. Akamwita mkewe, Kantaben, wakazungumza kwa lugha yao, mama wa watu akaingia stoo na kutoka na kopo lenye kutu. Ni mafuta ya kitani, lakini ya kupakia magongo ya kriketi. Mdogo wake Pranlal alikuwa mchezaji kabla hajahamia ng'ambo. Kantaben alilifuta vumbi kwa upindo wa sari akanipa, akasema tangu shemeji aondoke hakuna wa kuyapaka. Alisema hivyo akitazama kwingine.

Je, yanafaa? Na mbao iliyo wazi hivi inapakwaje?

Umesema tutaona. Hilo ni neno la watu wa ofisini. Mimi sikukuomba uhamishie dhahabu huku. Nimekuomba uje umwone mama. Mimi ninachoka, Silvesta. Nachoka mpaka nikilala ninaota nimechoka.

Generoza


Katoro
10 Julai 1983

Dada,

Shikamoo. Pole kwa kazi, pole kwa mama. Bernadina mdogo akue. Hapa ni kiangazi, vumbi jekundu hata kwenye chai. Samahani kwa mwandiko, meza ya kuandikia hapa ni debe.

Mafuta ya kriketi yanafaa. Ni mafuta yale yale ila hayajachemshwa, kwa hiyo yatachelewa kukauka. Usiyaharakishe. Weka kopo juani lipate joto. Chukua kitambaa kisichotoa nyuzi, paka kidogo, kidogo kuliko unavyodhani, usugue kuelekea nyuzi zinakokwenda. Acha mbao inywe. Baada ya kama nusu saa pita na kitambaa kikavu ufute yote yaliyobaki juu, mpaka ukiweka kiganja kisipate kitu. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaona mafuta ni mazuri, wanayaacha juu, yanaganda na kunata, na unarudi pale pale pa samli. Baba alikuwa anapaka, mimi nafuta. Alikuwa akisema kupaka ni robo ya kazi.

Ngoja wiki nzima au zaidi, mpaka ukigusa isikushike. Paka mara ya pili. Ngoja tena. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, hiyo ndiyo inayoileta rangi juu. Baada ya hapo, futa vumbi kwa kitambaa kikavu kila siku, maji yakimwagika yapanguse hapo hapo, na usiweke sufuria ya moto bila kata ya nguo chini yake. Isogeze mbali na dirisha la magharibi, jua linaikausha upande mmoja. Kila mwaka mara moja inatosha.

Upande wa mama paka kwa uangalifu zaidi, pale alipozoea kuweka viwiko pamelika.

Silvesta


Katoro
12 Julai 1983

Dada,

Shikamoo. Barua ya juzi nimeshaitia posta na usiku nimekumbuka nimesahau. Hii namkabidhi mwenzangu Maduhu, anakuja Shinyanga kumwona mkewe, naomba ifike kwanza.

Vile vitambaa vya mafuta usivikunje. Usivirundike popote. Vikikunjwa vikiwa na linsidi vinapata joto vyenyewe na kuwaka bila mtu kuvigusa. Karakana ya misheni kule Ushirombo iliungua kona moja kwa ajili hiyo, baba akiwa mwanafunzi. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae. Tafadhali, dada.

S.


Ngokolo
21 Agosti 1983

Silvesta,

Marahaba.

Maduhu wako alipitia kwanza Kahama kwa wakweze, kwa hiyo barua ya posta ilimtangulia, na barua yako ya haraka imefika Jumamosi iliyopita. Meza ilishapakwa mara mbili. Ngoja nikueleze.

Mara ya kwanza nilipaka mwenyewe na kufuta mwenyewe, mikono miwili haitoshi kazi hiyo. Nilipomaliza nikavikunja vile vitambaa vizuri, nikavitia kwenye kapu la cherehani pamoja na vipande vya sare. Nikaenda kukoroga uji. Niliporudi kapu liko wazi na vitambaa havimo. Mama naye hayupo mlangoni. Nikatoka mbio nikijua amepotea. Yuko uani, anavining'iniza kwenye ua wa minyaa, kimoja kimoja, anavinyoosha pembe. Nikamfokea, Silvesta. Nilimwambia kwa nini anachezea matambara machafu na amenipa hofu bure. Akaendelea kunyoosha pembe. Mara ya pili nilipopaka akafanya vile vile, hakungoja niondoke.

Ndipo Jumamosi nikasoma barua yako mbele ya Maduhu, nikakaa chini. Nyumba nzima ingeungua na sisi ndani. Mtu asiyejua jina langu mimi mwanawe amelikumbuka hilo. Jioni nilimpigia magoti nikamwomba radhi, akasema "wabeja", akanishukuru kama vile nimempa zawadi.

Sasa sikiliza. Maduhu alikunywa chai hapa. Nikamwuliza, kwa kutania tu, kwa nini ndugu yangu siku hizi anaandika kama kuku anaparua. Akatazama kikombe. Nikamwuliza tena, na safari hii sikutania. Akaniambia. Kwamba ule moshi wa zebaki umekuingia. Kwamba mikono inatetemeka, kikombe unakishika kwa mikono yote miwili na chai bado inamwagika. Kwamba hata kwenye moto hukai tena, wenzako wamekuondoa, na wewe umebaki pale unapepeta mchanga na kusema mambo hayajakaa sawa.

Nilikukasirikia sana. Nilikwenda jikoni nikakasirika peke yangu, kisha nikalia, kisha nikamchemshia Maduhu maji ya kuoga. Mimi nilikutania mwandiko. Ungeniambia tu. Unaona haya ya nini? Unaogopa mtoto wa Kamili aonekane hawezi kushika randa? Hapa hakuna anayekuita uje kuchonga. Mbao zote zimeshachongwa, baba alimaliza. Lililobaki ni kusugua na kitambaa, na mkono unaotetemeka unasugua kama mkono mwingine.

Nikwambie na hili, sikutaka kuliandika. Nilipomaliza mara ya pili mama alikuja, akaondoa kitenge chake kwenye kiti, akakaa mahali pake. Akapitisha kiganja juu ya mbao. Akanusa kiganja. Akauliza, "Kamili amemaliza?" Nikasema bado kidogo. Akaangalia mlangoni, akasema, "Na Silvesta yuko wapi na kitambaa? Mafuta yatakauka juu." Alikuwa anakutafuta kwa macho, mdogo wangu, akiwa amekasirika kidogo, vile alivyokuwa anakasirika tukichelewa. Nikampa sahani ya michembe ya viazi mapajani, akala yote akiitazama meza. Kifurushi amekifungua, khanga zimerudi kwenye kamba.

Daktari hapa anasema watu wa zebaki wakitoka kwenye moshi mapema wengine hupata nafuu. Sijui kama ni kweli au amenionea huruma. Lakini hakusema kuna anayepata nafuu akibaki.

Imebaki mara ya tatu. Mafuta ya Kantaben yanatosha. Meza nitaiacha ikauke mpaka mwisho wa Septemba, kisha nitapaka, uwepo usiwepo, kwa sababu mama anataka kuweka viwiko vyake.

Generoza


Katoro
4 Septemba 1983

Dada Generoza,

Shikamoo. Nimeandika hii mara nyingi. Hii ndiyo iliyosomeka kidogo.

Ni kweli yote aliyosema Maduhu. Nilikuwa nadhani nikikaa itatulia, kisha ndiyo nije. Sikutaka mama anione nikimwaga uji. Wala wewe. Nilipokuwa nakuandikia mambo ya meza nilikuwa naona mkono wangu wa zamani ukifanya, na nilifurahi. Barua ikiisha nilikuwa narudi kuwa huyu.

Nimesoma pale mama anaponiuliza. Nimesoma nikiwa kwenye foleni ya maji, nikapoteza nafasi yangu.

Nguo zangu zinaingia kwenye mfuko mmoja. Nangoja lori la pamba la kunifikisha Kahama, nitalala kwa Salvina nimwone mjukuu, kisha basi.

Usipake mara ya tatu. Meza inisubiri. Mama akiuliza tena, mwambie nimekwenda kuchukua kitambaa.

Silvesta